Wiki ya pili ya Pasaka mbona Injili inarudi kwa Nikodemo na mikate?

Mama Jumuiya, Dar
Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Mimi ndio naandaa tafakari ya neno kwenye jumuiya yetu, jumamosi asubuhi tunakutana na siku zingine natuma meseji fupi kwenye grupu la whatsapp kwa wale walioko makazini. Wiki ya Oktava, zile siku nane za kwanza za Pasaka, ilienda vizuri mno, jumanne Maria Magdalena analia kaburini, jumatano wale wawili wa Emau, ijumaa samaki, Dominika ya Huruma, jumapili inayofuata Pasaka, tukamaliza na Tomaso. Ghafla jumatatu Yohane 3, Nikodemo kaja usiku, alafu kuanzia ijumaa hiyo mpaka juma la tatu lote ni Yohane 6, mikate tu, ile Yesu aliyowalisha watu elfu tano. Sasa hayo si yalitokea kabla Yesu hajateswa? Baba mmoja kaniuliza mbele ya watu "kwani mama, Pasaka imeshaisha?" Nikamwambia hapana baba, Pasaka ni siku 50 mpaka Pentekoste, mshumaa wa Pasaka bado unawashwa pale altareni na Malkia wa Mbingu tunasali badala ya Malaika wa Bwana. Ila kwa nini masomo yamepangwa hivyo, naombeni mnisaidie.

Katekista wa kigango
Milele amina mama. Swali la huyo baba ni zuri sana, usiliache lipite.

Anza na wale waliobatizwa mkesha wa Pasaka. Zamani Kanisa lilikuwa haliwaelezi wakatekumeni, yaani wanaojiandaa kubatizwa, kila kitu kabla, walibatizwa kwanza usiku ule, wakapokea Ekaristi, alafu siku zinazofuata ndio askofu anakaa nao na kuwafafanulia nini kimewatokea. Mt. Ambrosi alifanya hivyo kule Milano, na mwaka 387 mmoja wa wale aliowabatiza Pasaka alikuwa Agostino. Sasa angalia masomo yako: Yohane 3 ni kuzaliwa kwa maji na kwa Roho, huo ni ubatizo. Yohane 6 ni mkate wa uzima, hiyo ni Ekaristi. Mpangilio unamfuata yule aliyetoka kwenye maji juzi, na sisi wengine tuliobatizwa wachanga tunafundishwa upya pamoja nae.

Na mikate yenyewe ni habari ya Pasaka, soma 6:4, Yohane anasema kabisa kwamba Pasaka ya Wayahudi ilikuwa karibu. Watu wengi wanauruka huo mstari wanakimbilia samaki wawili.

Nikodemo nae usimwache aishie kwenye usiku ule. Ijumaa Kuu tulisoma mateso yote ya Yohane mpaka mwisho, na pale mwisho kuna mtu kaja na manemane na udi kama ratili mia kuzika mwili wa Yesu. Ni yeye. Kwahiyo jumatatu ya juma la pili ukisikia jina lake, siku kumi tu zimepita toka umemwona kaburini mchana mbele za watu. Mimi ningewauliza wanajumuiya hilo tu, mtu aliyekuja kwa kujificha alifikaje mpaka pale, alafu ninyamaze waongee wao.

Mvuvi, Mwanza
Kristo kafufuka ndugu zangu. Mimi nataka kurudi kwenye ile ya ijumaa ya Oktava, Yohane 21, maana naona tafakari nyingi zinakimbilia hesabu ya samaki 153, watu wanatafuta siri ya namba. Sisi tunaotega dagaa usiku wa giza tunajua kukesha na kurudi mtupu, sio uchovu tu, petroli ya injini umekopa, vijana wa mtumbwini wanakuangalia machoni na nyumbani wanasubiri. Hapo hutaki mtu akuongeleshe. Yesu hakuanza kwa kuhubiri, kawasha makaa, kaweka samaki na mkate, kasema njoni mle. Kila nikisoma hapo nashindwa kuendelea.

Na hayo makaa, angalieni 18:18, Petro alikuwa anaota moto wa makaa pale alipomkana. Moto wa makaa tena, na Petro yuleyule.

Dada wa Mbeya
Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni Moraviani, kanisa la Kiprotestanti, sisi neno la kila siku tunalo kwenye kitabu, ni utaratibu wa toka 1731 kule Herrnhut Ujerumani, mstari wa Agano la Kale unaokotwa kwa kura ya bahati na wa Agano Jipya unachaguliwa uendane nao. Kwahiyo sifuati hiyo kalenda yenu lakini nimependa sana hii ya kusoma Yohane mfululizo. Mama, swali: mnaendelea mpaka wapi?

Mama Jumuiya, Dar
Asante dada. Juma la nne ni mchungaji mwema, kisha kuanzia sura ya 13 ni maneno ya karamu ya mwisho mpaka sala ya Yesu sura ya 17. Katekista ubarikiwe, ya manemane naituma leo leo.

Katekista wa kigango
Na baada ya sura ya 17 linakuja jibu kwa ndugu yetu wa Mwanza. Ijumaa ya Oktava Injili inakatwa 21:14, wameshakula. Mstari wa 15, "walipokwisha kula", unasomwa ijumaa ya juma la saba, wiki sita mbele, karibu kabisa na Pentekoste. Yaani Nikodemo, mikate, mchungaji, mzabibu, vyote vimewekwa katikati, kabla Petro hajaulizwa "wanipenda?" Mama, jumamosi ya mwisho kabla ya Pentekoste someni hizo mbili pamoja kwa mkupuo, na msomaji wa maneno ya Petro awe mmoja wa waliobatizwa mwaka huu kama mnae.

Mama Jumuiya, Dar
Tunao wawili, mmoja ni binti wa huyohuyo baba aliyeuliza. Nampigia sasa hivi.