Admini wa magrupu ya Mombasa, mnahesabu vichwa na wenye majibu wameshahama

Wanajukwaa, salaam. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, asiyeweza apite.

Jana mchana jirani wa Mshomoroni aliuliza kwenye grupu letu la wakazi swali moja tu: maji yametoka leo, ama ampigie mwenye mkokoteni? Grupu lina watu 1,024, limejaa hadi pomoni. Alichopata ni stika ya mtoto anacheza, tangazo la mkopo wa haraka, dua ya kufowadi kwa watu kumi, picha ya mheshimiwa mtarajiwa amemkumbatia bibi wa watu sokoni Kongowea, na mtu mmoja kuuliza, "Mshomoroni iko wapi?" Mpaka magharibi hakuna aliyemjibu. Akanunua mitungi kwa bei aliyotaka mwenye mkokoteni. Usiku ndio anasikia nyumba ya pili mfereji ulikuwa ukitoka tangu adhuhuri.

Watu 1,024. Hata mmoja.

Na grupu ni hilihili ambalo, lilipokuwa na watu mia mbili hivi, swali kama lile halikulala. Tulikuwa na mzee mmoja, fundi bomba mstaafu. Huyu hakuwa mtu wa kukujibu "yametoka" akanyamaza, alikueleza na sababu. Yeye ndiye aliyetufunza kwamba maji ya mji huu hayatoki mahali pamoja: kuna ya chemchemi za Mzima kule Tsavo, yanayoshuka yenyewe kwa mteremko hadi Mazeras, kuna ya Baricho kwenye mto Sabaki, ambayo lazima yapigwe pampu, kuna ya Marere na visima vya Tiwi upande wa Kwale. Ukisikia Kisauni na Nyali kumekauka na huku Changamwe watu wanaoga, mzee alikuwa akisema ulizeni kwanza kama kuna umeme Baricho kabla ya kumtukana fundi wa mtaani. Watu walipanga siku za kufua kwa maneno yake. Aliandika kwa herufi kubwa tupu, nukta tatu kila mwisho wa sentensi, na tulimsoma hivyohivyo.

Mzee ametoka. Siku hiyo alikuwa ameandika maelezo marefu ya mgao, na dakika chache baadaye yakawa yamezikwa chini ya picha za Ijumaa Kareem na mabishano ya mpira. Akaja mtu kuuliza jambo lilelile. Akaeleza tena. Akaja wa tatu. Kisha tukaja kugundua tu kwamba ameondoka. Hakuna admini aliyempigia simu kumuuliza kulikoni.

Hakutoka peke yake. Yule dada wa Likoni aliyekuwa akituambia foleni ya ferry imefika wapi na vivuko vingapi vinafanya kazi, ili mtu ajue avuke ama azungukie barabara ya Dongo Kundu, siku hizi yumo lakini haandiki. Mwalimu wa Mikindani aliyekuwa akizisoma fomu za basari na kutueleza ni karatasi gani zinatakiwa, ametoka. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Hapa wageni wamekuja na wenyeji wamehama.

Sasa nataka tuzungumze jinsi mlivyowaleta hao wageni, enyi admini. Siwataji majina, mnajijua, na najua mwasoma humu.

WhatsApp iliwahi kuweka mwisho wa grupu watu 256. Hiyo ilikuwa 2016. Mwaka 2022 ikapandisha ikawa 512, na kabla mwaka haujaisha ikafika 1,024. Kuanzia hapo mkashikwa na kiherehere. Kiwango ambacho ni ruhusa tu mkakifanya deni, lazima lilipwe. Mkatangaza shindano: atakayeongeza watu wengi zaidi mwezi huu ana bando lake. Mshindi, nasikia, alimwaga namba zote zilizomo kwenye simu yake, mashemeji wa Nakuru wamo, na mtu aliyewahi kumuuzia kochi naye yumo. Hao mwataka wajue nini habari za mtaro ulioziba Mwembe Tayari? Na wala siwalaumu. Hawakuomba kuletwa. Wameamka asubuhi wakajikuta wakazi wa Mombasa.

Mkaona watu wengi lakini kimya. Badala ya kujiuliza kwa nini, mkaleta maswali ya kuchokoza. "Pilau ama biriani?" (Biriani, na tuyaache hapo.) "Mtaa upi una warembo?" "Andika NDIO kama waipenda Mombasa." Watu wakaandika NDIO, NDIO, NDIO, skrini nzima, na nyinyi mkapiga skrinishoti mkaenda kujionyesha kwamba grupu lachangamka. Asubuhi ileile mtu alikuwa ameomba wachangiaji damu, mgonjwa wake anasubiri upasuaji. Ombi lake likateremshwa na zile NDIO mpaka halionekani tena ila kwa kulitafuta. Nilipolipandisha, nikaambiwa naharibu mchezo.

Haya, hilo tuliweke kando, maana kuna linalonichemsha zaidi.

Kuna mama wa Majengo anapika mahamri na mbaazi. Alikuwa akiweka oda zake kwenye grupu kila alfajiri, watu wa mtaani wanaagiza, mtoto anapeleka. Biashara safi. Mlipolijaza grupu, namba yake ikawa mbele ya watu elfu moja asiowajua. Akaanza kupigiwa usiku wa manane. Mmoja ajiita wakala wa kazi za Saudia, amtakia bintiye pasipoti. Mwingine alimtumia picha ambazo, ashakum, sizitaji. Alipolalamika mbele ya watu, admini akamjibu, "Mbloki tu mama, usituharibie grupu." Mama wa watu akatoka, na wanawake wengine wakafuata mmojammoja bila kusema neno. Ukiingia leo, angalia wanaoandika ni kina nani. Wanaume watupu, wabishana mpira.

Namba ya simu ni mali ya mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na moja ya mambo inayoyasema ni kwamba taarifa za mtu zilizochukuliwa kwa kusudi moja zisigeuzwe zikatumiwa kwa kusudi jingine lisilopatana na lile. Namba zetu tuliwapa kwa ajili ya maji, takataka, na mtoto akipotea. Sasa nawauliza kusudi jingine limetoka wapi?

Maana lipo. Kuna karatasi ya bei inazunguka, nimeiona kwa macho yangu. Tangazo la asubuhi bei yake, la kubandikwa juu siku nzima bei yake, na maneno matamu chini: "Tunafikia wakazi zaidi ya elfu moja, Mvita, Nyali, Kisauni, Likoni, Changamwe na Jomvu." Yaani mwamuuzia mfanyabiashara mashemeji wa Nakuru kwa bei ya wateja wa Kisauni! Na uchaguzi ni Agosti 2027, watafuta viti wameanza kuranda. Mmoja anayetaka uwakilishi wadi tayari mmemfanya admini. Kijana mmoja aliuliza kwa adabu takataka za nyuma ya soko zitazolewa lini, mara tukaona ujumbe umefutwa na admini. Tangu WhatsApp iwape admini uwezo wa kufuta maneno ya watu, 2022 hiyo hiyo, nyinyi mmeutumia kwa maswali ya kweli, na matapeli wa mikopo mmewaacha wapumue.

Wapo watakaoniambia, "Kaka, una roho mbaya, hutaki grupu likue." Nataka likue. Ila nataka mjue linakuaje.

Mdenmark mmoja, Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika 2006 kwamba kwenye makundi mengi ya mtandaoni asilimia 90 husoma tu, 9 huchangia mara mojamoja, na 1 ndiyo hubeba sehemu kubwa ya kazi. Si sheria ya kuandikwa kwenye jiwe, makundi hutofautiana, lakini ifanyeni hesabu hapa kwetu. Asilimia moja ya 1,024 ni watu kumi. Watu kumi! Na sisi tulikuwa na watu wa namna hiyo zaidi ya kumi tulipokuwa mia mbili, kwa sababu tulijuana na kila mtu aliona aibu kumwacha jirani bila jibu. Mmeleta mamia, mkapoteza kumi. Wasomaji wakimya sina ugomvi nao, wasome, ndio faida yenyewe. Lakini watasoma nini mwenye la kusema akishaondoka?

Na hili si geni. Kabla ya haya mavitu yote kulikuwa na Usenet, mabaraza ya majadiliano ya watu wa vyuo vikuu. Kila Septemba waliingia wanafunzi wapya wasiojua adabu za mle ndani, wenyeji wakawafunza taratibu, baada ya wiki chache mambo yakatulia. Kisha kampuni za intaneti kama AOL zikaanza kuwafungulia wateja wao mlango, wageni wakawa wanamiminika kila siku kuliko wenyeji wanavyoweza kuwafunza. Septemba ya 1993 wakaiita Septemba isiyokwisha. Ugeni haukuwa kosa. Tatizo lilikuwa kasi. Ukiingiza watu watano, wanakaa, wanaangalia, wanaelewa kwamba hapa mtu akiuliza anajibiwa. Ukiingiza mia tatu usiku mmoja, wanaangaliana wao kwa wao na kuona hapa ni mahali pa stika.

Mtu hukaa kwenye kundi kwa sababu moja kubwa: aliuliza siku ya kwanza akajibiwa na mtu anayejua. Basi. Hiyo ndiyo itakayomfanya amwambie dadake wa Bamburi ajiunge, na dadake atakuja kwa miguu yake, bila bando la mtu. Ndivyo tulivyofika mia mbili, hakuna aliyetuhonga.

Kwa hivyo nataka nini? Nataka shindano life leo. Nataka anayeingia aidhinishwe na aseme anaishi mtaa gani, kitufe cha kuidhinisha kipo, mmekizima wenyewe. Grupu livunjwe kwa mitaa, maana foleni ya ferry haimhusu mtu wa Mtopanga na mfereji wa Mtopanga haumhusu mtu wa Mtongwe. WhatsApp ina Jumuiya tangu mwishoni mwa 2022, magrupu madogo chini ya kapu moja, tangazo la wote likaenda kwa wote. Matapeli waondolewe siku hiyohiyo. Mtafuta kiti atolewe kwenye uadmini, abaki mwanachama, aulizwe maswali kama sisi sote. Na kila wiki, badala ya kututangazia tumefika wangapi, tuambieni ni maswali mangapi hayakujibiwa. Hiyo hesabu naisubiri kwa hamu.

Mzee fundi apigiwe simu pia. Aombwe radhi, si na mimi. Na maelezo yake ya mgao yawekwe juu, mahali mlipoweka tangazo la sofa.

Wanajukwaa, wenye magrupu ya Magongo, Chaani, Miritini, Mji wa Kale, semeni na nyinyi kama kwenu ni tofauti. Nimesikia kuna la Tudor linalokwenda vizuri na watu wake hawafiki mia. Mwenye habari atueleze wanafanyaje. Na kwa ambaye hataki kuongezwaongezwa: ingia mipangilio ya WhatsApp, faragha, makundi, uchague ni nani anayeruhusiwa kukuongeza. Kitu hicho kipo tangu 2019 na wengi hawakijui.

Nyongeza, saa nne usiku: admini mmoja amenifuata inboksi, aniambia niufute uzi huu, eti kuna mteja wa matangazo ameuona ameanza kuuliza maswali na "nawaharibia riziki". Siufuti. Mteja huyo kama yumo humu, aombe aonyeshwe orodha ya wanachama ahesabu mwenyewe ni wangapi wa Mombasa. Na wewe admini, namba ya mamangu bado imo mle, uliiingiza bila kumuuliza. Nataka iwe imetoka kabla sijalala.