Programu za kutabiri kindege na "mifumo ya siri" ya kubeti: tupeane uzoefu

Mkazi wa Tandika: Wakuu, kwenye daladala kijana anamshawishi mwenzake anunue programu ya kutabiri Aviator kwa elfu hamsini, ule mchezo wa kubeti ambapo dau linazidishwa kadiri kindege kinavyopaa, kikiondoka hujatoa umeliwa. Nimeumia. Aliyewahi kuuziwa au kushuhudia, amwage hapa.

Fundi Redio: Wamejaa mno hawa.

Dada wa Mbagala: Mdogo wangu alikuwa boda. Akaingizwa kundi limejaa picha za watu "waliotoa" milioni, wote "asante bosi". Akaambiwa afungue akaunti mpya kwa linki ya jamaa anayeuza programu, alipie na hela ya kufungulia. Programu ikamwambia kindege kitafika mara 4.60 ya dau, kikaondoka kwenye 1.02. Akaambiwa toleo lake la zamani, aongeze hela. Akaongeza. Ikaenda hesabu ya bosi wa pikipiki, ikafuata hela ya kodi. Usiku mmoja akanigongea mlango anatetemeka, haongei, ananinyooshea simu tu. Jamaa kashamblock. Asubuhi bosi akaja kuchukua funguo. Mama aliuza mahindi ya akiba kulipa lile deni.

Fundi Redio: Dah. Pole sana dada.

Mzee wa Odds: Programu ni utapeli, sawa. Ila kudabo dau kunalipa. Ukiliwa buku weka mbili, ukiliwa weka nne. Lazima irudi.

Hesabu Kali: Lazima kwa nani? Anza na 1,000, uliwe mara 10 mfululizo: umeshatoa 1,023,000 na dau linalofuata ni 1,024,000. Yote hiyo kufukuzia faida ya buku!

Mzee wa Odds: Mara kumi mfululizo umeiona wapi? Acha kutisha watu.

Dada wa Mbagala: Naombeni msibishanie hapa.

Kijana wa Kodi: Naandika programu, niwaambie ukweli. Matokeo ya kila raundi ya Aviator yanatokana na namba ya siri ya seva (kompyuta inayoendesha mchezo) ikichanganywa na namba za wachezaji watatu wa kwanza kuweka dau. Kabla hawajaweka, hakuna matokeo ya mtu kuyaona. Na mchezo unarudisha 97% kwa wachezaji. Ile 3% inakula kila dau unaloweka, raundi baada ya raundi. Ile linki sasa: kampuni nyingi za kubeti humlipa anayeleta wateja sehemu ya hela wanayoliwa. Ndiyo maana alitaka akaunti mpya.

Mama Ntilie: Kumbe alikuwa anamla mara mbili!

Kipa Namba Mbili: Wa "mechi za uhakika" nao, nusu ya kundi anaitumia ushindi wa nyumbani, nusu wa ugenini. Waliopatia anawagawa tena. Mwishoni wanabaki wachache wanaoapa jamaa ni nabii, hao ndio anawauzia bei kubwa.

Mkazi wa Tandika: Dada, mlienda polisi?

Fundi Redio: Polisi mtazungushwa. Futa laini, anza upya.

Mama Ntilie: Asifute, ushahidi huo! Meseji za hao matapeli tuma 15040, namba ya kuripoti utapeli wa simu. Na M-Pesa ashike mama yake.

Mzee wa Odds: Mama naye atabeti.

Dada wa Mbagala: Laini bado ninayo. Natuma zote leo.