Je, udongo wa kuchoma unaweza kupunguza saruji kwenye zege?

Fundi wa Kisarawe:
Habari za kazi, ndugu zangu. Kwa kuwa tunaishi karibu na vilima vya Pugu, vinavyojulikana kwa kaolini yake, yaani udongo mweupe wa mfinyanzi, ninataka kujua kama udongo huo, ukichomwa katika tanuri letu la matofali na kusagwa, unaweza kuchukua nafasi ya theluthi moja ya saruji kwenye zege la msingi.

Mhandisi wa vifaa:
Ndugu Fundi, udongo wenyewe ni mzuri. Shaka yangu iko kwenye tanuri. Kaolini inayochomwa kwa nyuzi joto 700 hadi 850 hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya madini yake na kuwa metakaolini, ambayo ndani ya zege huungana na chokaa inayotolewa na saruji inapokomaa, na kuzaa gundi ya kushika mchanga na kokoto. Joto likiwa dogo, udongo hubaki kama ulivyokuwa. Likizidi sana, fuwele mpya huanza kujengeka na uwezo huo hufa. Tanuri la matofali huunguza yaliyo karibu na moto na kuacha ya pembeni mabichi, kwa hiyo utapata unga usiolingana. Usafi usikusumbue mno, kwani udongo wenye kaolini asilimia 40 hivi unatosha.

Mwalimu wa ujenzi:
Kabla ya yote, soma mfuko wa saruji. Alama ya CEM huonyesha aina ya saruji. CEM I ni karibu klinka tupu, yaani mawe ya chokaa na udongo yaliyochomwa pamoja, ambayo husagwa kuwa saruji, lakini CEM II na CEM IV tayari zimepunguzwa klinka kiwandani, na ukiondoa theluthi nyingine utadhoofisha zege bila kujua. Mchanganyiko wa LC3, yaani saruji yenye mawe ya chokaa na udongo uliochomwa, uliotafitiwa na wataalamu wa Uswisi, Kuba na India, una klinka asilimia 50, udongo uliochomwa 30, mawe ya chokaa 15 na jasi 5, nao unaweza kupunguza hewa ya kaboni dioksidi kwa asilimia 40 hivi, kwa sababu klinka huhitaji nyuzi joto 1,450 na jiwe lake la chokaa lenyewe hutoa hewa hiyo linapochomwa. Huo, hata hivyo, ni mchanganyiko wa kiwandani, unaopimwa kila hatua.

Fundi wa Kisarawe:
Nashukuru, Mwalimu. Mfuko wangu umeandikwa CEM II. Je, nianzie kwenye tofali za kuta?

Mhandisi wa vifaa:
Ndiyo, tena kwa kiasi kidogo, na ufyatue vipande vya kupimwa maabara baada ya siku 7 na 28. Unga huo hunywa maji mengi. Usiongeze maji, bali tumia kemikali ya kulainisha zege, kisha mwagilia kwa wiki nzima au zaidi. Ukifanywa vizuri, huzuia sana chumvi kupenya hadi kwenye nondo, na kwetu pwani hiyo ni faida kubwa mno. Msingi usiuguse mpaka majibu ya maabara yawe mkononi.