Mrejesho: goti linalouma kwenye aramandi, na kidole cha pete kigumu

Niliuliza mambo mawili: kwa nini goti linauma kwenye aramandi, ule mkao wa kukunja magoti nusu katika Bharatanatyamu, dansi ya jadi ya India Kusini, na kwa nini tripataka, ishara ya mkono yenye kidole cha pete kilichokunjwa, hailingani. Asanteni sana, majibu yamefanya kazi.

Chanzo cha maumivu ni nyayo. Zikilazimishwa kutazama pembeni kuliko nyonga zinavyoruhusu, goti linasokotwa. Fungua mapaja kuanzia kwenye nyonga, visigino vikiwa karibu, kisha kunja magoti yafuate uelekeo wa vidole vya miguu. Mgongo wima, makalio yasibinuke. Nyonga zikiwa ngumu, punguza pembe ya nyayo.

Kwenye tatta adavu, hatua ya msingi ya kupiga mguu sakafuni, inua kisigino kuelekea kalio, kisha piga sakafu kwa wayo wote. Mlio uwe mmoja, pa! Ukisikia miwili, kisigino na vidole havikutua pamoja. Kasi ya pili ni maradufu ya ya kwanza, ya tatu maradufu ya ya pili, na kimo cha mwili hakibadiliki hata kidogo. Hapo ndipo wengi huanza kuinuka bila kujijua. Saruji tupu ni adui wa goti; tafuteni sakafu ya mbao.

Pataka, ishara ya mkono ya msingi, ni rahisi: vidole vinne vimenyooka na kubanana, gumba limekunjwa. Tripataka hukunja cha pete peke yake, na kano zake zimeungana na za majirani, ndiyo maana kidole cha mwisho hufuata. Kikunje cha pete kwa mkono wa pili, nyoosha vingine, kisha achia taratibu.

Kilichobaki ni viwiko: mikono ikinyooshwa pembeni usawa wa bega, vinashuka baada ya mizunguko michache.