Kikundi cha Ukoo: Lori Loughlin alifungwa kwa nini hasa?

Farida: Shikamooni wazee wangu. Swali la haraka. Lori Loughlin, yule Becky wa tamthilia ya Full House, alifungwa kwa kosa gani? Huku nasoma rushwa, kule ulaghai, kwingine wizi wa mtihani. Kipi ni kipi?

Shangazi Mwanaidi: Marahaba mwanangu. Mtihani si wake. Huo ni wa Felicity Huffman, mwigizaji wa Desperate Housewives. Watu wanawachanganya kwa sababu mashtaka yao yalitangazwa siku moja, 12 Machi 2019, kwenye operesheni ile ile ya FBI iliyopewa jina la Varsity Blues.

Mjomba Hamisi: Naam. Lori kesi yake ni ya makasia.

Farida: Makasia?? 😂

Mjomba Hamisi: Makasia. Tulia nikuandikie.

Mjomba Hamisi: Kulikuwa na Rick Singer, mshauri wa California anayewasaidia wazazi kutafutia watoto vyuo. Aliwaambia wateja wake kwamba chuo kina milango mitatu. Wa mbele, mtoto anaingia kwa alama zake. Wa nyuma, mzazi anamwaga mamilioni ya mchango na bado hapewi uhakika. Wa pembeni ndio wake yeye Singer: bei ndogo kuliko ule wa nyuma, na uhakika juu.

Mjomba Hamisi: Huo wa pembeni ulipitia idara ya michezo. Vyuo vikubwa vya Marekani huwapa makocha nafasi kadhaa za wanamichezo wanaowataka, na mwombaji aliyependekezwa na kocha hupimwa kwa kipimo chepesi. Watu wa udahili hawaendi uwanjani kumtazama mtoto akicheza, wanapokea karatasi kutoka idara ya michezo na kuiamini. Hapo ndipo palipotobolewa.

Binamu Idi: Chuo chenyewe ni USC, yaani University of Southern California, Los Angeles. Aliyekuwa akiyapeleka majina mbele ya kamati ndogo ya kudahili wanamichezo ni Donna Heinel, ofisa wa juu wa michezo pale.

Farida: Kwa hiyo mabinti wa Lori walikuwa wanacheza makasia?

Binamu Idi: Hata kidogo. Waliandikiwa kuwa ni washika usukani wa mashua ya mashindano. Yaani yule mwepesi ambaye mara nyingi anakaa nyuma, anatazama mbele, anaongoza mashua na kuwapigia wenzake mdundo kwa sauti. Kasia lenyewe hashiki.

Binamu Idi: Na aliyechagua nafasi hiyo alijua anachofanya. Mpiga makasia anaulizwa muda wake wa mita 2,000 kwenye mashine ya mazoezi. Hiyo ni tarakimu moja, kocha yeyote akiiona anajua huyu ni wa daraja gani, na ukiidanganya inakuumbua siku ya kwanza ya mazoezi. Mshika usukani hana tarakimu ya namna hiyo. Anasifiwa kwa maneno: mtulivu, anajua kuongoza, ana sauti. Maneno yanaandikika na yeyote.

Shangazi Mwanaidi: Halafu picha walizotuma ni za mabinti wakiwa juu ya mashine ya kupigia makasia!

Binamu Idi: Ndiyo kichekesho chenyewe shangazi. Singer aliomba picha ya binti mkubwa akiwa kwenye mashine, kavaa nguo za mazoezi, aonekane kama mwanamichezo wa kweli. Baba yake, Mossimo Giannulli, mbunifu wa mavazi, akaituma. Hiyo 2016. Mwaka uliofuata zamu ya binti wa pili, ikatumwa nyingine ya aina ile ile. Sasa mshika usukani hapimwi kwa mashine ile! Ila picha hazikulenga jicho la kocha, zililenga kujaza faili.

Farida: 😂😂 Na pesa?

Mjomba Hamisi: Kwa kila binti hesabu ilikuwa dola 50,000 na dola 200,000. Jumla ya wawili, dola 500,000. Tazama mpangilio wake. Kamati ndogo ikishakubali kwa masharti, hundi ya 50,000 inakwenda idara ya michezo ya USC kupitia Heinel. Barua rasmi ya chuo ikitoka, 200,000 zinakwenda Key Worldwide Foundation, taasisi ya hisani ya Singer. Malipo yanafuata hatua kama ya fundi wa nyumba: msingi, kisha paa.

Mjomba Hamisi: Na taasisi ilikuwa na kazi ya pili. Wazazi walipelekewa barua ya shukrani inayosema mchango wao utasaidia vijana wasiojiweza, na kwamba hawakupewa bidhaa wala huduma yoyote kwa pesa hiyo. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo mamlaka ya kodi ya Marekani huitaka ili mchango upunguze kodi yako. Baadhi ya wazazi walikwenda kweli kudai punguzo la kodi kwa pesa ya mlango wa pembeni.

Farida: Astaghfirullah. Na huyo Felicity?

Mjomba Hamisi: Dola 15,000. Mtoto aliombewa muda wa ziada kwa misingi ya matatizo ya kujifunza, akahamishiwa kituo cha West Hollywood ambacho msimamizi wake alishanunuliwa, na akishamaliza mtihani, mtu wa Singer anakaa na kusahihisha majibu. Alama zikapanda kama 400 juu ya mtihani wa majaribio. Binti mwenyewe hakujua. Tuliache hilo, tutapotea.

Binamu Idi: Lililonivutia mimi katika kesi hii ni namna walivyonaswa, maana chanzo hakina uhusiano na Lori hata chembe. Kulikuwa na mtu wa fedha wa Los Angeles anachunguzwa Boston kwa udanganyifu wa hisa. Ili apunguziwe, akawapa wapelelezi habari: kocha wa mpira wa miguu wa wanawake wa chuo kikuu cha Yale, Rudy Meredith, anamwomba hongo ili amwingize binti yake. Aprili 2018 wakamrekodi kocha kwenye chumba cha hoteli Boston akitaka dola 450,000. Kocha alipobanwa akamtaja Singer. Singer alipobanwa akawageuka wateja wake.

Shangazi Mwanaidi: Ndiyo maana mwigizaji wa California akahukumiwa Boston, watu wengi huuliza hilo.

Binamu Idi: Ndiyo. Na tangu vuli ya 2018 Singer alikuwa akiwapigia wazazi simu huku FBI wanasikiliza. Maneno yalikuwa yale yale karibu kila simu: taasisi yangu inakaguliwa na watu wa kodi, mimi nitawaambia pesa yenu ilikwenda kwa watoto wasiojiweza, nataka tu tuwe na kauli moja. Mzazi akiitikia amejimaliza. Waendesha mashtaka tayari walikuwa na hundi na barua pepe. Kilichopungua ni kuthibitisha kwamba mzazi alijua. Lori naye alipigiwa, Novemba 2018, akaitikia.

Farida: Lakini Mjomba, hapa aliyeibiwa ni nani? Chuo kimepata 50,000 zake, Singer kapata zake, mtoto kapata nafasi.

Mjomba Hamisi: Ehee! Umegusa penyewe. Hoja ya serikali: mwajiri ana haki ya kupata utumishi mwaminifu wa mwajiriwa wake. Heinel akipitisha jina kwa sababu ya pesa, USC imenyimwa utumishi huo, na nafasi ya udahili nayo ni mali ya chuo. Na kwa kuwa yote yalifanyika kwa barua pepe na benki, likawa kosa la serikali kuu: kula njama ya ulaghai kwa njia ya posta na mawasiliano. Adhabu ya juu, miaka 20.

Mjomba Hamisi: Upande wa Lori ukasema hatukumhonga mtu, tulichangia chuo. Si hoja ya kipuuzi, maana hundi ya 50,000 ilikwenda chuoni, haikuingia mfukoni mwa Heinel. Ila kuanzia Julai 2018 Heinel alikuwa akilipwa na Singer dola 20,000 kwa mwezi kwa ushauri wa uongo, na hilo liliwaharibia wote.

Shangazi Mwanaidi: Niingilie nieleze alikotoka, maana mkimwacha nyie atabaki jina kwenye jalada. Lori alizaliwa New York 1964, akaanza uanamitindo akiwa mtoto, kisha tamthilia ya mchana The Edge of Night mwanzoni mwa miaka ya 80. Full House alijiunga 1988, msimu wa pili, kwa vipindi vichache tu. Watazamaji wakampenda, akabaki hadi mwisho 1995. Yeye hakuwa nyota wa sinema kubwa. Mtaji wake ulikuwa sura ya mama mwema. Hallmark, chaneli ya runinga, waliununua mtaji huo: filamu za Garage Sale Mystery, na tangu 2014 When Calls the Heart, akiwa Abigail. Netflix nao wakamrudisha kama Becky kwenye Fuller House, 2016.

Shangazi Mwanaidi: Mwigizaji wa sura hiyo akishtakiwa, runinga haingoji hukumu. Mashtaka 12 Machi akiwa Vancouver kazini, akarudi kujisalimisha, dhamana dola milioni 1, na tarehe 14 Hallmark wakamkata. Siku mbili! Mwigizaji wa majambazi angeachwa amalize msimu.

Farida: 😂 Sasa mbona Felicity siku 14 na Lori miezi miwili?

Mjomba Hamisi: Kwanza kiasi: 15,000 na 500,000 si sawa. Pili, Felicity alikiri Mei 2019, mapema kabisa, akahukumiwa Septemba: siku 14, faini dola 30,000, saa 250 za huduma kwa jamii. Lori na mumewe wakakataa kosa. Aprili 2019 likaongezwa shtaka la kutakatisha fedha, Oktoba likaja la rushwa kwenye taasisi inayopokea fedha za serikali kuu. Ndivyo waendesha mashtaka wa kule wanavyofanya. Ukikataa, karatasi inanenepa.

Binamu Idi: Kuwa mkweli Mjomba, walikuwa na karata moja nzuri. Maandishi ya Singer kwenye simu yake.

Mjomba Hamisi: Kweli. Oktoba 2018 Singer aliandika kwenye simu yake kwamba wapelelezi wanamshurutisha awaambie wazazi uongo, awafanye waseme ni hongo wakati yeye aliwaambia ni mchango. Upande wa mashtaka ulichelewa kuyakabidhi. Mawakili wakataka kesi yote ifutwe. Jaji Nathaniel Gorton alikasirika kwanza, lakini mapema Mei 2020 akakataa kufuta. Wiki mbili tatu baadaye, 22 Mei, Lori na mumewe wanakiri kwa video, maana ilikuwa korona.

Mjomba Hamisi: Na makubaliano yao yalikuwa ya aina inayomfunga jaji: ama akubali adhabu iliyoandikwa, ama aikatae na wao waruhusiwe kufuta kukiri kwao. Kwa hiyo 21 Agosti hapakuwa na kubahatisha. Lori shtaka moja, lile la kula njama ya ulaghai: miezi 2, faini dola 150,000, saa 100 za huduma kwa jamii, miaka 2 ya uangalizi. Mumewe mashtaka mawili: miezi 5, faini dola 250,000, saa 250. Serikali ilisema yeye ndiye aliyeshughulika zaidi na Singer.

Shangazi Mwanaidi: Lori alianza kifungo 30 Oktoba, gereza la Dublin, California, lile lile alilokaa Felicity. Akatoka 28 Desemba 2020.

Binamu Idi: Sasa Farida, lile swali lako la nani kaibiwa. Akina baba wawili, John Wilson na Gamal Abdelaziz, walikataa katakata kukiri. Wakatiwa hatiani 2021. Wakakata rufaa, na Mei 2023 mahakama ya rufaa ya Boston ikafuta hukumu zao karibu zote, ikabaki ya kodi kwa Wilson. Majaji wakasema, kwa ufupi, huwezi kusema chuo kimesalitiwa na mtumishi wake ikiwa pesa imeingia kwenye chuo hicho hicho.

Farida: Weeh! Kwa hiyo Lori angesubiri angeshinda?

Binamu Idi: Mimi nasema angeshinda.

Mjomba Hamisi: Pole pole Idi. Rufaa ilifuata hukumu. Kwanza angetiwa hatiani na baraza la wazee wa mahakama, pengine kwa kifungo kirefu zaidi: Wilson alipewa miezi 15, Abdelaziz mwaka na siku. Angelipa mawakili miaka mitatu mingine. Na hao mabwana walikata rufaa wakiwa nje, jambo ambalo hupewi kwa kuomba tu. Miezi 2 ya uhakika dhidi ya hayo, wakili yeyote angekwambia chukua miezi 2.

Binamu Idi: Ila ukikiri unabaki na hatia maisha. Wenzake wamesafishwa.

Mjomba Hamisi: Hilo sikubishii.

Farida: Na Singer aliyewauza wote?

Mjomba Hamisi: Januari 2023, miaka 3 na nusu. Ndicho kifungo kirefu kuliko vyote kwenye kesi hizi. Na zaidi ya dola milioni 10 za kuilipa mamlaka ya kodi. Heinel miezi 6. Meredith wa Yale miezi 5.

Farida: Shangazi, Lori alirudi kuigiza?

Shangazi Mwanaidi: Alirudi 2021, kwenye When Hope Calls, chaneli ya GAC Family. Abigail yule yule. Hallmark hakurudi wakati ule.

Farida: Na kule Hallmark walimtoaje katikati ya msimu?

Shangazi Mwanaidi: Ilikuwa kazi! Msimu wa sita wa When Calls the Heart ulishaanza kurushwa. Wakausimamisha, wakakata mandhari zake zote, wakaurudisha Mei. Tatizo la kumkata mhusika kama huyo ni kwamba yeye ndiye meya wa mji na ndiye mwenye mkahawa, kila mtu anapita kwake. Ukimwondoa, mazungumzo ya watu wengine nayo yanabaki nusu.

Farida: Watazamaji waliambiwa kaenda wapi?

Shangazi Mwanaidi: Kaenda kumuuguza mama yake.