Mwalimu wa chekechea alazimishwe kutumia teknolojia darasani?

Mleta mada (mwalimu wa chekechea)

Wadau wa elimu, wazazi na walimu wenzangu, nalileta hili kwenu kwa sababu limenikaa rohoni na sitaki kuliamua peke yangu.

Nimefundisha watoto wa miaka 4 na 5 kwa muda mrefu, kwa vibao vya kujengea, udongo wa kufinyanga, nyimbo na hadithi. Kisha shuleni vikaletwa vishikwambi 10 na projekta 1, na agizo likaja navyo: vitumike kila siku. Semina ilikuwa ya siku moja. Mkufunzi alishika kipanya mwenyewe tangu asubuhi hadi tunaagana, sisi tukawa watazamaji. Kesho yake nikasimama mbele ya watoto 26 nikiwa sijui hata pa kupunguzia sauti.

Kwenye vile vishikwambi kulikuwa na mchezo wa kulinganisha rangi. Mtoto mmoja akang'amua upesi kwamba akigonga kila mahali bila kukoma, hatimaye atapatia tu na makofi yatalia. Akakusanya nyota zote. Baadaye nikamwomba aniletee kibao cha kijani kutoka kapuni, akaniletea cha bluu. Kama ningeifuata ripoti ya kifaa kile, ningeandika kwamba mtoto huyu rangi anazijua.

Pamoja na hayo sijaja hapa kusema vifaa vifungiwe kabatini. Msimamo wangu ni huu: mwalimu wa chekechea lazima ajifunze teknolojia, tena kwa kina kuliko wa madarasa ya juu, kwa kuwa mwanafunzi wake hajui kusoma na hawezi kumwambia, "Mwalimu, hiki hakinifundishi kitu." Ila mwenye kukishika kifaa, sehemu kubwa ya muda, awe mwalimu. Na siku akiona hakifai, akizime bila kuitwa ofisini kujieleza.

Niwape mfano mmoja wa kilichonibadilisha. Kuna mtoto darasani kwangu hakuwa anaongea mbele ya wenzake. Akiwa peke yake kwenye kona ya vibao, anamsimulia mdoli hadithi ndefu kabisa. Mwalimu kijana wa darasa la jirani alikuwa amenifundisha kurekodi kwa simu, basi nikaongea na wazazi wake, wakakubali, nikamrekodi kisha nikamsikilizisha. Aliegemeza sikio kwenye simu, macho yametulia, akasema, "Tena." Siku ya tatu akaniambia, "Hapa siyo. Simba hakukimbia, alilala." Akataka asimulie upya. Mtoto wa miaka 4 anairekebisha hadithi yake mwenyewe, kitu ambacho vibao na udongo havikuwahi kumpa nafasi ya kukifanya.

Sasa swali langu: mwalimu alazimishwe? Na akilazimishwa, ni kujifunza, ni kutumia, au vyote viwili?

Mzazi wa watoto wawili

Mwalimu, pole kwa kazi, na nakushukuru kwa ukweli wako. Mimi napinga, na nitasema wazi.

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asiwekwe mbele ya skrini kabisa. Wa miaka 2 hadi 4 isizidi saa 1 kwa siku, na ikipungua hapo ni bora zaidi. Saa hiyo, niwe mkweli, nyumbani kwangu huisha kabla sijavua viatu vya kazini. Shule ndiyo ilikuwa mahali pekee nilipokuwa na uhakika kwamba mwanangu anashika mchanga, anaanguka, anagombana na mwenzake na kupatana naye. Nanyi mnataka kupachukua.

Tena tazameni Uswidi. Mtaala wao wa shule za awali ulioanza kutumika 2019 uliingiza zana za kidijitali kama jambo la lazima. Mwaka 2023 serikali yao ikatangaza kwamba inataka kuiondoa lazima hiyo. Hawa hawakukosa vifaa, hawakukosa umeme, hawakukosa walimu waliosoma. Walijaribu, wakaona, wakageuka. Sisi wengine tunakimbilia wapi?

Mtengenezaji wa programu

Mzazi, naheshimu hofu yako, lakini unazungumza kana kwamba teknolojia ni katuni peke yake.

Friedrich Froebel, aliyeanzisha chekechea ya kwanza Ujerumani mwaka 1837, alitengeneza mipira na vibao vya mbao akaviita zawadi. Vilikuwa vifaa vilivyobuniwa kwa makusudi, na mwalimu alipaswa kufundishwa namna ya kuvitumia. Mwaka 1967 Seymour Papert na wenzake Marekani wakabuni Logo, lugha ya kompyuta kwa ajili ya watoto. Miaka ya 1970 Radia Perlman, pale MIT, chuo kikuu cha teknolojia cha Marekani, akaunda visanduku vya vitufe ili watoto ambao hawajajua kusoma waweze kumwendesha roboti aliyeitwa kobe. Mtoto anabonyeza mbele, mbele, kulia, kisha anamtazama kobe akitembea sakafuni. Leo kuna vidude vya namna hiyo vyenye mishale mgongoni na havina skrini yoyote. Mtoto anainuka, anapima hatua, anakosea, anarudia. Hapo macho yanaumia wapi?

Niseme na jambo gumu. Walimu wengi wanaitanguliza afya ya mtoto kumbe wanachoogopa ni kuaibika mbele ya watoto. Ukiacha jambo hili liwe hiari, kizazi kizima cha watoto kitabaki na mwalimu asiyeijua dunia yao.

Mleta mada

Ndugu, umenigusa, na sikatai. Niliogopa. Wiki ya kwanza mtoto wa miaka 5 alinionesha kwa kidole pa kubonyeza ili turudi nyuma, na nilihisi joto la uso. Nilimshukuru mbele ya wenzake, na kuanzia pale hofu ikaanza kupungua. Kwa hiyo naam, hofu ipo. Lakini haiponi kwa agizo. Iliniponya simu moja niliyopewa niende nayo nyumbani, niiharibu na kuitengeneza mwenyewe jioni, bila mtu wa kunitazama.

Kwa mzazi: mwongozo ule unazungumzia muda wa kukaa kitako mbele ya skrini. Hapo naungana nawe kabisa, na kwa darasa langu ule mchezo wa nyota nimeufuta. Lakini sikiliza hili. Tulikuwa tunazungumzia wadudu. Nikamweka sisimizi chini ya kamera ya simu, nikaiunganisha na projekta, ukutani akatokea sisimizi mkubwa kuliko mtoto. Wakanyamaza wote. Mmoja akauliza, "Kwa nini ana nywele miguuni?" Sikujua jibu. Baada ya dakika mbili nilizima, tukatoka uwanjani na kila mtoto akapiga magoti kutafuta wa kwake. Walikaa huko zaidi ya nusu saa. Ile projekta haikukaa mahali pa mchanga wako, mama. Iliwapeleka kwenye mchanga.

Na Uswidi, jinsi ninavyoielewa, kilichowashinda ni ile lazima. Hapo mimi na wao tuko upande mmoja.

Mwanafunzi wa saikolojia ya watoto

Naomba niongeze kitu kwa upande wa utafiti. Mwaka 2003 Patricia Kuhl na wenzake walichapisha majaribio waliyofanya kwa watoto wachanga wa miezi 9 Marekani. Kundi moja lilikaa na mtu anayezungumza Kichina, akicheza nao na kuwasomea, kwa vipindi 12. Kundi jingine likaoneshwa video za watu hao hao wakifanya mambo hayo hayo. Waliokaa na mtu walijifunza kutofautisha sauti za Kichina. Wa video hawakupata kitu.

Hao ni wachanga, na mtoto wa miaka 5 anaweza kujifunza kutoka kwenye video nzuri, kwa hiyo tusilipeleke jambo hili mbali kupita kiasi. Lakini nadhani linaeleza tofauti ya mtoto wa nyota na mtoto wa hadithi ya simba. Wa kwanza aliachwa na kifaa. Wa pili alikuwa na mwalimu pembeni anayemsubiri aseme.

Mwalimu mstaafu

Nimesoma yote. Wanangu, enzi zetu ilikuwa redio ya kaseti, na kelele zilikuwa hizi hizi.

Mimi nitauliza swali la mkono tu. Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, alipofungua Roma mwaka 1907 shule yake ya wadogo aliyoiita nyumba ya watoto, moja ya zana alizokuja kuwapa watoto ilikuwa ubao wenye mashimo na vipande vya mviringo vya kuchomeka, kila kipande na shimo lake. Mtoto akikosea, kipande cha mwisho kinakosa mahali. Hakuna mtu aliyemkemea wala kumpigia makofi, kosa analiona mwenyewe na mkono unarudi kutafuta. Basi kila programu mnayoletewa, iulizeni: mtoto akikosea, analionaje kosa lake? Ule mchezo wa rangi ungeshindwa mtihani huu asubuhi ya kwanza. Lakini anayeweza kuutahini ni mwalimu anayejua kuufungua na kuucheza kabla ya watoto. Kwa sababu hiyo tu, mimi nasema ajifunze, na iwe lazima.

Mkuu wa shule

Shikamoo mwalimu. Niseme upande ambao hamuupendi.

Vifaa vikishanunuliwa, mimi ndiye ninayeulizwa. Mkaguzi anauliza, wazazi wanaotafuta nafasi wanauliza, kamati inauliza. Nimewahi kuacha hiari. Baada ya muhula mzima vifaa vilikuwa kwenye maboksi yake, betri zimelala. Waliovigusa ni walimu wawili, tena wale wale waliokuwa wanajua tangu mwanzo. Wasiojua walibaki pale pale, na watoto wao nao. Mleta mada, unaomba haki ya kuzima. Nikikupa wewe, nimempa na yule ambaye hajawahi kuwasha. Nitawatofautishaje?

Mleta mada

Mkuu, hili ndilo swali gumu kuliko yote humu, na nimelilalia usiku mzima.

Unaweza kutofautisha kwa kuingia darasani. Mwalimu anayezima kwa kujua atakuambia alitaka kufanya nini, kwa nini kifaa hakikusaidia, na alitumia nini badala yake. Asiyewahi kuwasha hana cha kusimulia. Mazungumzo ya dakika kumi yatakuonesha zaidi ya daftari la sahihi za matumizi ya kila siku. Mimi mwenyewe nimelisaini daftari hilo siku ambazo nilikiwasha kifaa, nikakiweka mezani, nikaendelea na udongo. Nasikitika kulisema, lakini agizo la kila siku ndilo lililonifundisha kudanganya.

Kwa hiyo lazimisha kujifunza, na uilipie lazima hiyo kwa muda. Mwalimu akae na kifaa walau mwezi mmoja kabla watoto hawajakiona. Mkufunzi asikiguse, mikono yake iwe nyuma, mwalimu ndiye abonyeze na kukosea. Wawili wawili, anayejua na asiyejua, ndani ya darasa lenye watoto halisi, maana ukumbini hakuna mtoto anayelilia zamu yake. Na chaja zitoshe. Hilo la chaja linaonekana dogo hadi siku nusu ya vifaa vinapozimika katikati ya wimbo na una watoto 26 wanaokutazama.

Mzazi wa watoto wawili

Nimekuelewa zaidi leo kuliko jana, mwalimu. Sisimizi umenishinda, nakiri. Mkinihakikishia kwamba kifaa kiko mkononi mwa mwalimu na kwamba muda mwingi ni uwanjani, sina ugomvi.

Ila kuna swali halijaulizwa. Zile sauti za watoto ulizorekodi, ziko wapi? Na picha? Shuleni kwa mwanangu picha za watoto hutumwa kwenye kundi la wazazi kila Ijumaa, sura zote zinaonekana, na sijawahi kuombwa ruhusa. Mtu yeyote kwenye kundi lile anaweza kumtumia mtu nisiyemjua.

Mleta mada

Mama, swali lako limenifanya niweke kalamu chini nikaichukue simu.

Sauti ziko 41, za watoto 9. Ruhusa ya kurekodi niliiomba kwa kila mzazi. Lakini zote ziko kwenye simu yangu binafsi, na nilipofungua mipangilio nimekuta simu yenyewe imekuwa ikizipakia kwenye hifadhi ya intaneti tangu siku ya kwanza. Sikujua. Wazazi walikubali nirekodi, hawakukubali hilo, kwa sababu hata mimi sikuwa nalijua ili niwaambie. Kwenye semina yetu jambo hili halikutajwa hata kwa sentensi moja.

Nimezima upakiaji. Kuanzia kesho asubuhi nitawapigia wale wazazi 9, mmoja mmoja, niwaeleze kilichotokea na kuwauliza wanataka nini kifanyike kwa sauti za watoto wao. Nitakayeanza naye ni mama wa yule mtoto wa simba.