Kumwigiza diwani anayechechemea: mpaka uko wapi?

Mikindani_Pwani: Wakuu, kikundi cha vijana hapa Mtwara kinaandaa igizo la dakika 10 kuhusu diwani aliyenyamaza wakulima walipocheleweshewa malipo ya korosho. Diwani huyo anachechemea. Mwigizaji naye achechemee? Wengine wanasema bila hivyo watu hawatamtambua.

Salfa: Asichechemee. Andikeni shtaka lenu kwa sentensi moja: mnada ulipita, fedha hazikuingia, naye hakwenda chama cha msingi cha ushirika kuuliza. Kisha pitieni mswada mstari kwa mstari, mfute kila kinachogusa mguu. Kicheko kikiisha chote, hamkuwa na igizo.

Kumtambulisha, tumieni aliyoyachagua mwenyewe: kofia yake, neno analolirudia kila mkutano, namna anavyokata simu akiulizwa stakabadhi. Mguu hakuuchagua. Mkiuweka jukwaani, watu watatoka wakiiga mwendo na malipo yatasahaulika. Kesho yake watoto watamwiga kila anayechechemea sokoni, asiyehusika kabisa na korosho.

Ng'apa: Naongezea upande wa lugha, maana hapo ndipo wengi wanateleza. Mwigizaji akisema "kile kidiwani kimefika", ki- hiyo imeshamfanya mtu kitu. "Kiwete" na "zeruzeru" ziondoeni kabisa. Hili la pili kwetu Lindi ni zito: mwaka 2010 Lindi Mjini ilimchagua Salum Barwany, mtu mwenye ualbino, kuwa mbunge wa jimbo. Miaka hiyo watu wenye ualbino walikuwa wanauawa kwa ajili ya viungo vyao. Aliyetaka kumpinga alikuwa na sera zake na chama chake cha kushika. Ngozi yake haikuwa hoja.

Mikindani_Pwani: Na wanaosema huu ni utani tu, kwetu tunataniana hadi msibani?

Salfa: Mtani ana haki ya kukujibu palepale. Jukwaani diwani hana zamu, kwa hiyo huo si utani.

Na video je? WhatsApp itabeba kipande cha sekunde 20, shtaka libaki nyuma. Mkumbuke pia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 23, inagusa unyanyasaji mtandaoni.

Ng'apa: Akikosa vikao, tajeni idadi ya vikao, msiuguse ugonjwa. Na kila kipande cha video kianze na tarehe ya mnada na siku ambazo mkulima amesubiri.